Kifua cha Baba Nacho Kina Joto

Mke wangu alianza kulalamika kichwa siku ya Jumamosi. Jumapili miguu ikavimba hadi kandambili zikawa hazimwingii, na jioni akasema anaona nyota nyota mbele ya macho. Mimba ilikuwa ya wiki 31. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa bila shida yoyote, hivyo mimi nilidhani ni uchovu na joto la Oktoba, ambalo huku Kishapu halina huruma. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia, alimtazama usoni mara moja tu akasema, "Huyu anakwenda sasa hivi. Tusingoje asubuhi."

Zahanati walipima presha, wakamchoma sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, kisha wakapiga 115. Gari lililokuja lilikuwa la mtu binafsi aliyeandikishwa kwenye mpango wa m-mama kubeba wajawazito, na hatukudaiwa hata shilingi. Saa nane usiku mke wangu alikuwa chumba cha upasuaji. Nikiulizwa leo ni nini kilichomwokoa, nitataja macho ya mama yake, ile sindano na lile gari.

Mtoto alikuwa wa kiume, gramu 1,350. Anayeuza nyama anajua kilo moja na robo inavyokaa mkononi, ongeza kidogo tu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mishipa yote ilionekana, na masikio yalikuwa laini kama kitambaa kilicholowa. Mama yake alikuwa bado hajitambui, presha haijashuka. Mashine za joto zilikuwa zimejaa.

Sista wa zamu, mama mtu mzima, alinikuta nimesimama kwenye korido. Nikamwamkia. "Marahaba. Wewe ndiye baba wa njiti wa usiku? Njoo uvue shati."

Wodi ya kangaruu ilikuwa na akina mama wanane, kila mmoja na mtoto wake amemfunga kifuani. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Na kwenye kiti pembeni ya kitanda nilichoonyeshwa alikuwa amekaa mama mkwe wangu. Mimi nimelelewa kwamba mtu hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe wake. Hata maji ya kunywa namtuma mtoto ampelekee. Nikasimama. Nikauliza kama yeye hawezi kumbeba mjukuu wake. Sista akasema mama ana mafua, na mwenye mafua hamkaribii njiti. Akaongeza kwamba mtoto amepimwa nyuzi 35.1 wakati anatakiwa asishuke chini ya 36.5, na kila dakika ninayosimama anazidi kupoa.

Mama akainuka. Akafungua kanga yake ya juu, akanipa mgongo, akaishika kanga kwa mikono miwili kama pazia kati yangu na wodi nzima, mwenyewe akitazama ukuta. "Vua, baba," akasema. "Mtoto anapoa."

Nikavua. Sista akamweka mtoto wima katikati ya kifua changu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili shingo isijikunje na kuziba pumzi. Alikuwa amevaa nepi, kofia na soksi tu. Kitambaa kikapita juu yetu wote wawili kikafungwa mgongoni. Kitu cha kwanza nilichohisi ni baridi ya tumbo lake kwenye ngozi yangu. Baada ya saa moja na nusu kipimajoto kilisoma 36.6, na mimi sikuwa nimefanya chochote zaidi ya kukaa.

Usiku wa pili aliacha kupumua. Nilikuwa nimezoea kamwendo kake kadogo kifuani, kale ka kupanda na kushuka, ghafla kakakatika. Sista alikuwa ameshanionya kwamba njiti husahau kupumua kwa sababu ubongo wake bado haujakomaa, akanionyesha kumgusa unyayo kwa ukucha. Nikagusa mara moja, mara mbili. Akashtuka, akavuta hewa. Nikaita, wakaja, wakamwongezea uangalizi. Najiuliza hadi leo: kama angekuwa mahali pengine, mimi niko kwenye benchi la nje, nani angejua kwa upesi ule?

Shida nyingine ilikuwa kitambaa. Kile cha wodi kilikuwa kitenge, kinamfaa mama kwa sababu mtoto anakaa katikati ya matiti hahami. Kifua cha mwanamume ni tambarare. Kila nikisogea, mtoto anateleza kuelekea tumboni na shingo inajikunja. Mimi ni fundi cherehani, na kitenge nakijua: hakivutiki. Siku ya tatu nikampigia kijana wangu wa dukani aniletee kitambaa cha tisheti, pamba tupu, akate kipande kimoja kipana kwa upande unaovutika, apige ovaloki ukingo wa juu na wa chini, aweke kamba ya kubana chini ya makalio ya mtoto. Kikaja jioni. Kinavaliwa kama singlendi isiyo na mikanda, mtoto anaingizwa kutokea juu. Hakuteleza tena. Nililala nimeegemea mito mitatu, nusu nimekaa, naye amelala vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa nasoma kwenye simu usiku. Nikajua kwamba jambo hili lilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipoona mashine za joto hazitoshi akawapa mama watoto wao wawabebe. Nikajua pia kwamba Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano zilizofanyiwa utafiti uliotoka 2021: watoto wa kati ya kilo moja na chini ya 1.8 waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walipungukiwa vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Usiku huohuo niliona takwimu za nchi yetu. Kati ya utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vimetoka 25 hadi 24 kwa kila 1,000. Nilizitazama namba hizo nikiwa na mmoja wa hao watoto kifuani, na roho iliniuma.

Siku ya sita mke wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa anakamua maziwa tangu alipopata fahamu, yakipita kwenye mpira wa puani kila baada ya saa mbili, lakini alikuwa hajamgusa mtoto. Nilipomtoa kwenye singlendi na kumweka kwa mama yake, kifua changu kiliingia baridi palepale alipokuwa. Mama yake alilia bila sauti. Maziwa yalianza kutoka yenyewe.

Tangu hapo tukagawana: mchana yeye, usiku mimi, na mafua yalipoisha mama mkwe akawa anachukua zamu ya alasiri. Uzito ulishuka kwanza hadi 1,260, wakatuambia tusiogope, ndivyo ilivyo. Siku ya 13 ukarudi ulipoanzia. Siku ya 30 tukaruhusiwa akiwa na gramu 1,800, ananyonya mwenyewe, na tarehe ya kupimwa macho imeandikwa kwenye kadi.

Kulikuwa na baba mwingine, mlinzi, aliyeingia wodini baada ya kuniona mimi. Likizo yake ilikuwa ya siku tatu. Siku ya nne alimfungua mwanawe akiwa amenyamaza kimya, akamkabidhi kwa shangazi, akaenda lindo. Baba huyu simsahau.

Duka nilikuta oda zimelala, wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakaondoka. Nilishona singlendi kumi kwanza, saizi nne za kifua, inchi 34 hadi 42, nikazipeleka wodini. Sista alizipokea, akazikunjua moja moja, akauliza kama naweza kushona za inchi 44.