Shika Kwanza, Ndipo Utazame

Jumamosi asubuhi, nikishamaliza kufua, huteremka mjini Leicester, Uingereza, kupekua maduka ya chariti. Ni maduka ya nguo na vyombo vilivyokwishatumika. Watu huvitoa bure, vikauzwa, pesa zikaenda kwa wagonjwa wa moyo, watoto, wazee, kila duka na jambo lake. Oxfam ni miongoni mwa wakongwe, walianza na duka Broad Street, mji wa Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo barabara moja tu utayakuta matano au sita yamefuatana. Wenzangu wengi wa nyumbani hawapendi kuonekana humo. "Umekuja Ulaya kuvaa mitumba?" Niliulizwa hivyo harusini, tena na mtu ninayempenda, na maneno yale yalinichoma. Mama yangu ametusomesha sote watano kwa mitumba.

Aliuza nguo sokoni Wete, kisiwani Pemba, zaidi ya miaka 20. Turubai chini, yeye juu ya kigoda, na mimi nikitoka chuoni nakwenda kumsaidia kuchambua. Belo la kilo 45 hununuliwa limefungwa. Hufungui kabla ya kulipa. Ukizikata zile kamba za plastiki nguo zinafura kama unga wa maandazi, na ile harufu, ya dawa na vumbi na kabati la mtu usiyemjua, inakupanda puani. Hapo ndipo siku ya mama ilipojulikana. Likitoka zuri, usiku tunakula samaki wa kupaka. Likitoka bovu, ananyamaza mpaka Magharibi.

Hakusoma Kiingereza, na lebo kwake ni picha tu. Alinifundisha kwa vidole. Ananifumba macho kwa mtandio wake, ananitia kitambaa mkononi. "Shika kwanza, ndipo utazame. Macho yanapenda rangi." Pamba ya zamani ni nzito na ina ubaridi. Kitani kina vifundo vidogo vidogo, na ukikikunja hakisahau mkunjo. Hariri inapata joto la mwili wako upesi. Sufu inakuwasha kidogo, halafu inakupokea. "Hii inayoteleza na haina joto ni plastiki hii, mwanangu." Tukibishana, anachomoa uzi mmoja ndani ya upindo na kuuwasha kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inaacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto wake unazimika wenyewe. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inabaki tone gumu ambalo hulivunji kwa kucha.

Mkono huo ndio ninaopita nao kwenye henga za Leicester. Natembea nikigusa mikono ya nguo moja baada ya moja, na macho nayaachia baadaye. Ninapolikamata vazi, nalipindua ndani nje. Nguo iliyoshonwa na mtu aliyetaka idumu utaijua kwa upande usioonekana: imeachwa nafasi pana ya mshono ili ipanuliwe mwenyewe akinenepa, upindo umeshonwa kwa mkono, bitana haijavutika, mistari ya kitambaa inakutana mfukoni kama haikukatwa. Zipu ya chuma ni dalili nzuri ya umri. Namba ya saizi usiiamini kabisa, pima kwa mwili wako. Mimi navaa 12 ya leo, na magauni ya miaka ya 60 yanayonikaa huandikwa 16.

Vazi ninalolipenda kuliko yote ni sweta la sufu la kibuluu lenye lebo ya St Michael. Hilo ni jina ambalo kampuni ya maduka ya Marks & Spencer walikuwa wakiziuzia nguo zao, wakaliacha mwaka 2000, kwa hiyo ukiliona unajua angalau vazi hilo lina umri gani. Kiwanda cha Corah, kilichowashonea Marks & Spencer miaka mingi, kilikuwa hapa hapa Leicester. Jirani yangu, mama wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, amefanya kazi ya cherehani katika viwanda vya mji huu mpaka vidole vikapinda. Nilipomwonyesha sweta alilipindua kola bila kuulizwa, akapitisha kidole pale shingo ilipoungwa. "Hii mtu amefanya na roho," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kampala. Nilimpenda siku ile kama mtu wa kwetu, na ni mtu wa kwetu.

Mara moja tu nimeokota sketi yenye chapa ya CC41, herufi mbili za C zilizokatwa kama vipande vya keki. Ni alama ya serikali ya Uingereza iliyoanza mwaka 1941, wakati wa vita, nguo zikinunuliwa kwa kuponi na mshonaji akipangiwa hata kiasi cha kitambaa. Iliondolewa mwaka 1952. Nilimsimulia mama kwa simu. Yeye anazikumbuka foleni za miaka ya 70 kwetu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na wao wamepanga foleni." Sketi ile siivai. Naitazama tu.

Jambo linaloniuma ni kwamba nguo za namna hii zinakwisha. Kwenye henga sasa nakutana na blauzi za juzi, nyepesi kama maganda ya kitunguu, zimevaliwa mara mbili na mshono umeshafumuka. Na zile ambazo hata chariti haziwezi kuziuza ndizo zinazopelekwa kwa wachambuzi, zikabanwa mabelo, zikasafirishwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba ifikapo 2019. Nchi nyingine zikalegeza; Rwanda iliposhikilia ushuru wake wa mitumba, Marekani mwaka 2018 ikaisimamishia nafuu ya kuingiza nguo kwao bila ushuru. Siku zile mama alinipigia simu ana wasiwasi na biashara yake, na sikujua nimwambie nini, kwa sababu naelewa pia fundi wa Wete anayetaka kushona nguo mpya akakuta hana mteja. Lakini kumuuzia mwanamke wa Pemba belo asilolijua, yeye akatoa akiba yake yote, ndani akakuta plastiki iliyochanika, hiyo ni dhuluma, na anayeibeba hasara ni mtu mmoja juu ya turubai. Mama aliacha biashara kwa sababu hiyo. Hakuchoka yeye, yalichoka mabelo.

Nilikwenda nyumbani wakati wa kusi, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi njia nzima kutoka Mkoani. Tukatoka na mama kwenda Chake Chake kununua vitu vya arusi, na yeye hapiti mbele ya mitumba bila kusimama. Kijana mmoja alikuwa na rundo la makoti ya baridi ameyatupa pembeni. Hayana soko kubwa kwetu. Huchukuliwa na walinzi na madereva wa bodaboda wa alfajiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Biashara?"

"Tunamshukuru Mungu. Chagua bibi, hayo nakupa rahisi."

Mama aliinama, akaingiza mkono kwenye rundo bila kutazama, akazungumza na kijana habari za mvua. Ghafla akasita. Akavuta koti la kahawia lenye chembechembe za kijani na rangi ya kutu, akalishika kwa mikono miwili amefumba macho.

"Hii haikufumwa kiwandani," akasema.

Nililipindua. Ndani, juu ya mfuko, palikuwa na kitambaa kidogo chenye picha ya tufe na msalaba juu yake. Harris Tweed. Nikawaeleza wote wawili pale pale: kuna visiwa kaskazini magharibi ya Scotland, baridi na upepo mtupu, na sufu hii haiwezi kuitwa kwa jina hilo mpaka iwe imetiwa rangi na kusokotwa huko huko, ikafumwa kwa mkono na watu wa visiwani, nyumbani kwao. Bunge la Uingereza limeliwekea sheria mwaka 1993.

"Nyumbani kwao?" akauliza mama.

"Nyumbani kwao. Mtu anacho kitanda cha mfumi uani, anakikanyaga kwa miguu."

"Kama sisi na ukili barazani."

"Kama nyinyi na ukili."

Kijana akataja elfu saba. Mama yangu hajapata kununua kitu maishani bila kupatana, hata dagaa. Nilisubiri aseme elfu tatu. Akafungua pindo la kanga yake, akahesabu, akampa elfu kumi, akamwambia asirudishe chenji, na mwengine akija na koti kama hili amwangalie kwanza kitambaa hicho cha ndani. Kijana alilichukua jengine kwenye rundo, akaanza kulipindua.

Mimi, nasema kweli, nilikuwa nimeshalipangia koti lile nafasi kwenye begi langu. Leicester ningelivaa miezi sita. Mama akalikunja, akalitia kwenye mkoba wake wa ukili.

"Mjomba wako analinda usiku, na kifua chake unakijua."

Alilivaa usiku ule ule. Alfajiri nilipompelekea chai, kusi inavuma na harufu ya karafuu imejaa hewani, nilimkuta ameketi kwenye ngazi, kola imepandishwa mpaka masikioni, mikono ya koti ameikunja mara mbili kwa sababu ni ndefu. Mfuko wa kulia tochi. Wa kushoto, redio, inasoma habari.