Siku moja maishani mwangu: kuwaandaa maafisa wa polisi kwa vyeo vya juu

Saa kumi na moja alfajiri

Naishi Rongai, na anayeishi Rongai akifanya kazi mjini huipangia barabara kabla ya kuipangia siku. Ninapanda matatu mapema, kabla msongamano haujakaza, na njiani nasahihisha insha. Nafundisha uongozi na utawala katika chuo kimoja jijini Nairobi. Darasa langu la jioni limejaa askari: makonstebo, masajini, mainspekta, na mara mojamoja Superintendent wa polisi (SP). Wengi wanajilipia karo wenyewe na wanatoka lindo moja kwa moja kuja darasani.

Sheria imechangia sana kuwaleta. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema Inspekta Jenerali, yaani mkuu wa polisi nchini, awe raia wa Kenya, awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini, atimize matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba kuhusu maadili, awe na rekodi ya kazi ya kupigiwa mfano, na awe amehudumu katika nafasi za juu za usimamizi kwa miaka isiyopungua 15. Tena awe na ujuzi katika mambo kama haki ya jinai, sera, fedha na utawala wa umma, usalama, sheria au sosholojia. Sharti la shahada limewaamsha vijana wengi waliotoka chuo cha polisi cha Kiganjo wakiwa na cheti cha sekondari pekee, na mimi nalifurahia.

Saa mbili asubuhi

Inspekta mmoja ananisubiri mlangoni akiwa na wasifu wake kwenye bahasha ya kaki. Anataka kuomba nafasi ya juu zaidi na ameniomba niupitie. Ninasoma: "Naibu wa OCS (mkuu wa kituo), 2016 hadi 2019. Nilitekeleza majukumu yote niliyopewa." Ukurasa mzima ni vyeo, vituo na tarehe.

"Afande, hapa kituoni ulibadilisha nini?"

Anafikiri kidogo. Kisha ananieleza kwamba alikuta watoto wakilazwa seli moja na watu wazima. Alimwandikia mkubwa wake barua, akaomba stoo moja isafishwe na kupakwa rangi, akaagiza kila mtoto anayeletwa aandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo, pamoja na umri wake na jina la mzazi, na akawa anaikagua OB hiyo mwenyewe kila asubuhi kabla ya gwaride.

"Mbona hayo hayamo humu?"

"Mwalimu, hayo si ni kazi tu?"

Ninamrudishia karatasi na kalamu. Watu wetu wamezoea kuamini kwamba cheo ndicho sifa, na kwamba miaka inajieleza yenyewe. Anayetafuta nafasi ya uongozi anapaswa kuonyesha uamuzi alioufanya, sababu yake, na kilichofuata.

Saa nne

Natayarisha somo la jioni. Leo naanza na hesabu ya miaka. Chukua kijana aliyeingia akiwa na miaka 22 na kufika cheo cha SP akiwa na 40. Miaka 15 ya usimamizi wa juu ikihesabiwa kuanzia hapo, anafika 55. Muhula wa Inspekta Jenerali ni miaka minne na haurudiwi, na umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni 60. Nafasi aliyobaki nayo ni finyu mno. Anayeanza kujiandaa akiwa na miaka 50 amechelewa, na ndiyo maana nawahimiza hata makonstebo waanze sasa.

Kisha historia. Kabla ya Katiba ya 2010, mkuu wa polisi aliitwa Kamishna na alishika kiti kwa ridhaa ya Rais. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 ndiyo yaliyofungua macho: Tume ya Waki, iliyoyachunguza, ilieleza jinsi polisi walivyoshindwa kuwalinda wananchi, na mwaka 2009 jopokazi la Jaji mstaafu Philip Ransley likapendekeza mageuzi makubwa. Mwaka 2012 nafasi ya Inspekta Jenerali ilitangazwa, watu wakaomba, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ikawasaili, na David Kimaiyo akawa wa kwanza. Desemba 2014 sheria ikabadilishwa: sasa Rais huteua jina na kulipeleka Bungeni likapigwe msasa. Kwangu hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Kazi inapotangazwa, mwananchi anaona nani aliomba na nani aliachwa. Jina moja likija peke yake, hana wa kumlinganisha naye.

Saa saba mchana

Ugali, sukuma na samaki kwenye kibanda nyuma ya chuo, pamoja na mwenzangu ambaye ni afisa mstaafu. Tunabishana kuhusu mtu wa nje. Yeye anashikilia kwamba polisi waongozwe na aliyevaa sare yao tangu chini. Namkumbusha kwamba Kamishna wa zamani, Meja Jenerali Mohamed Hussein Ali, alitoka jeshini, na kwamba Joseph Boinnet na Hillary Mutyambai, waliokuwa Inspekta Jenerali, walitoka idara ya ujasusi. Sheria haisemi lazima awe polisi.

"Haisemi," ananijibu, "lakini konstebo wa Baragoi, kule kaskazini, anajua kama mkubwa amewahi kulala porini au la."

Hapo ana hoja nzito. Mimi bado naona mlango ubaki wazi kwa wa nje, ila atakayeingia kwa mlango huo aeleze mbele ya umma ataipataje imani ya askari kama huyo.

Saa nane

Makaratasi. Sajini mmoja anakusanya stakabadhi za maadili za kuombea kazi: za EACC (tume ya kupambana na ufisadi), KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), taasisi ya kumbukumbu za mikopo, na cheti cha tabia njema. Namwambia aziombe mapema, maana huwa moja inachelewa na nyingine inakaribia kuisha muda.

Saa tisa alasiri

Usaili wa mazoezi. Tunakaa watu wanne nyuma ya meza ndefu na kumweka afisa mmoja mbele yetu. Maswali nayatoa kwenye sheria ya 2011 inayosimamia jinsi Bunge linavyowaidhinisha wateuliwa, ambayo ina dodoso lake: elimu, ajira, mali na madeni, kodi, shughuli za kisiasa, mgongano wa maslahi, kazi za kujitolea. Sheria hiyo pia inawataka wabunge waangalie utaratibu uliotumika kumpata mteuliwa, na kama uwezo wake unalingana na mahitaji ya ofisi. Kikao ni cha wazi, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka pingamizi kwa hati ya kiapo. Nawasihi wasomaji mtumie nafasi hiyo. Anayejua jambo kuhusu mteuliwa aliandike na kuliapia. Kunung'unika mitandaoni baada ya mtu kula kiapo hakusaidii.

Koplo mmoja, mwanamke, anauliza kama nafasi hizi ni za wanaume. Namjibu kwa ukweli: Grace Kaindi aliwahi kuwa Naibu Inspekta Jenerali, lakini kuanzia Kimaiyo mwaka 2012 hadi Douglas Kanja aliyeapishwa Septemba 2024, kiti cha Inspekta Jenerali kimekaliwa na wanaume tu. Sheria haimzuii mwanamke. Kinachomzuia ni kwamba wanawake hawapewi kwa wingi vituo na vitengo vinavyohesabika kama uongozi, kwa hiyo ile miaka 15 haianzi kuhesabiwa. Anaandika. Anayo haki ya kukasirika.

Saa kumi na moja na nusu jioni

Darasa kamili. Leo ni kifungu cha 245 cha Katiba. Waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, na maelekezo hayo yawe ya maandishi. Lakini hakuna mtu, awe nani, anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani, au kuajiri, kupandisha cheo na kufuta askari.

"Na DPP?" anauliza mtu wa nyuma. Swali zuri. Kifungu cha 157 kinamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze tuhuma za jinai, naye lazima atii, na agizo hilo pia liwe la maandishi.

Tunakaa hapo muda mrefu, kwa sababu hii ndiyo sifa ambayo hakuna chuo kinachoitolea cheti: uwezo wa kumwambia mkubwa, "Naomba uniandikie." Miaka minne ya muhula iliwekwa ili mtu awe na kifua cha kusema hivyo. Hata hivyo, kati ya wanne wa kwanza ni Boinnet pekee aliyeumaliza muhula wake. Kimaiyo aliondoka baada ya miaka miwili, na Japhet Koome alijiuzulu Julai 2024 baada ya maandamano ya vijana.

SP mmoja anasema kwa upole, "Mwalimu, simu ikipigwa usiku wa manane, karatasi itatoka wapi?" Darasa zima linageuka kunitazama. Ninawapa kazi: kila mtu aandike barua ya nusu ukurasa, kana kwamba amepigiwa simu hiyo sasa hivi, ikitaja saa, maneno aliyoambiwa, kifungu anachokitegemea, na atakachofanya asubuhi. Wanaanza palepale. Wa chini na wa juu wanaandika barua ileile, kwa sababu anayengoja hadi awe Inspekta Jenerali ndipo ajifunze kuiandika hataiandika.

Saa tatu usiku

Niko kwenye matatu ya kurudi Rongai. Inspekta wa asubuhi amenitumia aya mpya ya wasifu wake: watoto, stoo, rangi, OB. Namjibu kwamba sasa inasomeka, ila aongeze mwaka alipomwandikia mkubwa wake barua, na kama anayo nakala aiambatishe.