Nati Kumi na Tatu

Soksi za kike ndizo zilizonionyesha kwamba Mjomba hatanii kuhusu gari letu la mbio. Alinipa noti ya shilingi 200 akanituma madukani nikanunue soksi ndefu za nailoni, "zile wanazovaa mabibi wa benki." Nilikuwa na miaka 19 na aibu zangu zote. Muuzaji akaniuliza saizi. Nikamwambia ni za Datsun.

Kumbe ndiyo dawa ya vumbi. Unaivuta soksi juu ya chujio la hewa, na vumbi laini kama unga linanasa kwenye nailoni kabla halijafika kwenye kabureta. Gari likifika kituo cha sevisi unaivua soksi chafu, unavalisha nyingine, injini inapumua upya. Mjomba aliyajua hayo tangu ujana wake, alipokuwa akiwabebea spana mafundi wa Safari Rali, mbio kubwa za magari za Kenya, miaka ile dereva Shekhar Mehta akishinda mfululizo, 1979 hadi 1982. Ukimkalisha na kahawa chungu alikusimulia mbio zile kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kiti cha pili. Nadhani nusu yake ilikuwa kweli.

Ndiyo maana gari letu halikuweza kuwa kitu kingine ila Datsun 160J, aina ileile aliyoshindia Mehta mwaka 1979. Tulilikuta Mtwapa chini ya mwembe, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Injini ya sisi (cc) 1600, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwaka wenyewe ulikuwa 1994, na wakubwa walishahama huko zamani: Pasaka hiyohiyo Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alikuwa ameshinda Safari na Toyota Celica yenye turbo, magurudumu yote manne yakivuta. Sisi tulisukumwa na mawili, tena si siku zote.

Kilichotutia jeuri ni Vivio. Mwaka uliotangulia Patrick Njiru alikuwa ameingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha sisi 660 ambacho ukikiona mjini utadhani kinakwenda kununua mboga, akamaliza nafasi ya 12. Dereva wetu aliikata picha yake gazetini akaibandika kwenye dashibodi. Mtu akituuliza tunakwenda wapi na mkebe ule, yeye hujibu kwa kuigonga picha kwa kidole.

Dereva huyo tulimwita Papa kwa sababu utajiri wa kwao ulitokana na papa mkavu. Mchana alikuwa na lori la samaki, akilipeleka Mombasa na kurudi, na mwendo wake barabarani ulikuwa unajulikana hata na polisi. Kiti cha pili alikaa mwalimu wa hesabu wa shule moja ya upili, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye tulimwita Mwalimu tu, hata Papa aliyemzidi umri. Yeye ndiye aliyesoma noti za njia: kona, daraja, korongo, ngapi mpaka ngapi. Mjomba ndiye fundi mkuu. Halafu mimi, na kijana wa jeki ambaye kwa mwendo wake tulimpa jina la Kobe. Timu nzima hiyo. Gereji yetu ilikuwa Barani, Malindi, na gari la sevisi lilikuwa Landrova kuukuu ambayo yenyewe ilihitaji sevisi.

Msimu tuliuanza na autokrosi, mbio za ridhaa, gari moja moja kwenye kiwanja huku saa ikihesabu. Mazoezi tulifanyia upande wa Gongoni, karibu na mabwawa ya chumvi, kwenye ardhi tambarare ambayo ukikosa kona unachogonga ni upepo. Ubaya wake ni chumvi. Kila jioni ilibidi nilale chini ya gari na ndoo za maji ya kisima, nioshe bodi na springi, la sivyo kutu ingelila kabla ya wapinzani. Huko kwenye ridhaa tulikuwa watu. Kikombe kimoja tulichukua, kingine tukakikosa kwa sekunde mbili, na baada ya mbio hula pilau pamoja na waliotushinda, tukaazimana plagi na mkanda wa feni. Kelele zetu zilisikika kiwanja kizima: Mjomba akipiga ukelele, Papa akijibu, Kobe akiulizwa jeki iko wapi, naye kaikalia.

Kisha Papa akasema maneno ambayo nadhani Vivio ndiyo iliyoyasema: tuingie raundi moja ya ubingwa wa taifa, hii inayokuja kwetu Pwani. Tuwaone wenyewe hasa.

Ada ya kuingia ilikula mapato ya lori ya nusu mwezi. Ukaguzi wa gari peke yake ulituchukua asubuhi nzima Mombasa. Mkaguzi aliichungulia mikanda ya viti, mabomba ya kukinga paa, kizima moto, akaicheka soksi lakini hakuikataa. Usiku ule sikulala. Tulilala wote ndani ya Landrova isipokuwa Mwalimu, aliyekwenda kwa shangazi yake Kisauni.

Sitasimulia mbio zote. Wengi waliotutangulia waliharibikiwa, nasi tukazidi kupanda nafasi bila kumpita mtu. Nataka kusimulia dakika 20 za Ganze.

Sevisi ilikuwa chini ya mibuyu, timu zimepangwa bega kwa bega. Datsun liliingia kutoka upande wa Bamba na pancha ya nyuma kushoto, vumbi jekundu limepaka mpaka meno ya Papa. Tairi lile lilikuwa kazi yangu. Kobe akatia jeki, nikalegeza nati nne, nikatoa gurudumu bovu, nikavika jipya, nikazirudisha nati kwa vidole, upande wa koni ukitazama rimu kama nilivyofundishwa. Ukivika gurudumu hewani hukazi mwisho. Unazisogeza tu nati, gari linashushwa, gurudumu likishakanyaga ardhi ndipo unaingia na spana, msalaba kwa msalaba, kwa uzito wako wote. Hata mtoto wa gereji anajua.

Kobe alishusha jeki. Na mimi wakati huo nilikuwa nimegeuka.

Jirani yetu ilikuwa timu moja ya wakubwa, sitaitaja. Ovaroli za rangi moja, turubai limetandikwa chini, kompresa ya upepo inanguruma. Walikuwa wanashusha gia boksi nzima. Kazi ambayo Barani ingetuchukua siku mbili na ugomvi mmoja, wao waliifanya huku saa ikitembea, na kilichonipiga butwaa si kasi. Ni kimya. Hakuna aliyemwita mwenzake. Mtu ananyoosha mkono bila kutazama, na spana anayoitaka inatua kiganjani. Mmoja aliinua kidole, gari likashuka. Nilisimama na spana yangu ya magurudumu nimeikumbatia kama mtoto kifuani, nikawatazama wale watu nikijiona nami nimevaa ovaroli ile, nimenyamaza vilevile.

"We mjomba! Petroli!" Mjomba na mimi tuliitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, ndiyo desturi yetu. Nikaitupa spana, nikakimbilia mtungi na faneli. Nikatia petroli. Nikavua soksi, nikavalisha nyingine. Mwalimu akatazama saa yake, akapiga dashibodi mara mbili, na Datsun likaondoka kuelekea Vitengeni.

Nilikumbuka tulipokuwa tunapakia vifaa. Niliiokota ile spana chini, na ubaridi wake ukanipanda mpaka kwapani. Sikusema kitu. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kama ningesema kungekuwa na faida. Hatukuwa na redio ya kuwaita wala njia ya kuwapita. Lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nilinyamaza kwa woga.

Yaliyotokea huko mbele niliyapata baadaye kwa vipande. Kilomita chache ndani ya njia Papa alihisi mkia wa gari unacheza. Akadhani ni mchanga, akaongeza mafuta. Mwalimu akamwambia asimame. Akamwambia tena, mara hii kwa sauti ya darasani, akasimama. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limebaki na nati moja, nayo imeshika nyuzi mbili za mwisho. Tatu zilikuwa zimeachwa njiani, mahali fulani kwenye vumbi la Ganze, na hakuna mwenye akili angerudi kuzitafuta.

Papa alikaa kwenye jiwe akasema yamekwisha. Mwalimu akaanza hesabu. Magurudumu manne, kila moja nati nne, jumla 16. Zimepotea tatu, zimebaki 13. Ukivua moja moja kwenye yale magurudumu matatu, kila moja linabaki na tatu, na lile bovu linapata nne. Papa akabisha: ile ya ziada iende mbele, kwenye usukani, huko ndiko kunakoua. Mwalimu akasema bolti za nyuma kushoto zimeshakwaruzwa na rimu, na gurudumu hilo ndilo linalosukuma. Walibishana pale juani, wawili, katikati ya shindano la taifa, nati ya 13 ikae wapi. Watoto wa kijijini walikuwa wamekuja kutazama, na bibi mmoja akawaletea maji kwenye kata. Mwalimu alishinda. Papa alikaza, yeye akahesabu, wakaondoka.

Walipotufikia kituo kilichofuata walikuwa wamepitwa na kila aliyekuwa nyuma yetu, isipokuwa waliokwisha vunjikiwa. Papa alishuka akiwa ameshajua. Alinielekezea kidole.

"Huyu mtoto karibu atuue."

Sikuwa na jibu. Mjomba hakunitazama wala hakumjibu Papa. Alizunguka gari lote akipapasa kila gurudumu kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Nne. Tatu. Tatu. Tatu. Akaenda kwenye Landrova akarudi na mkebe wa Kimbo tuliokuwa tukiwekea nati za akiba, akanitilia mkononi pamoja na spana.

"Tia, mjomba. Na hesabu. Kwa sauti, nikusikie mimi, wakusikie na hawa."

Nilitia. "Moja." Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. "Sikusikii," akasema. Nikaanza upya, "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" nikapiga magoti kwenye gurudumu la pili, nikaanza tena moja, timu za jirani zikigeuka kututazama, na wale wa ovaroli za rangi moja nao wakageuka. Mmoja wao alitabasamu. Nilitamani ardhi ya Vitengeni inimeze na mkebe wangu. Nilipofika nati ya 16 Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake akasema, "Sahihi," akafunga mlango.

Tulimaliza. Wa mwisho kati ya waliofika Mombasa, lakini zaidi ya nusu ya walioanza hawakufika, na ile timu ya kimya ilikuwa miongoni mwao. Gia boksi mpya ilikufa kabla ya magharibi. Papa alinunulia watu wote mishikaki pale pale kandokando ya barabara. Mshikaki wangu alimpa Kobe aniletee.

Usiku tulirudi Malindi, Datsun limefungwa kamba nyuma ya lori la samaki, mimi na Mjomba peke yetu kwenye Landrova. Hakusema neno Mtwapa, hakusema Vipingo. Tulipolivuka daraja la Kilifi, ambalo siku hizo lilikuwa na miaka mitatu tu na bado watu walilisifu kwa kutuokoa na foleni ya feri, aliegesha kando, upande wa pili, akazima injini. Nikajua sasa yanakuja.

Alichukua tochi chini ya kiti akanipa. Akashuka na spana. Akainama kwenye gurudumu la mbele la Landrova yetu wenyewe, gari ambalo hakuna aliyeligusa siku nzima, akaikaza nati ya kwanza.

"Mulika vizuri," akasema. Akangoja. "Moja."

"Moja," nikasema.

"Mbili."