Sofa la L, kulia kwa nani?

Mwezi wa sita mwaka jana, ile baridi ya Mbeya ambayo hata mbuzi wanagombania jua ukutani, kirikuu ikasimama getini kwetu Uyole na sofa langu la L juu yake. Nimelisubiri wiki saba, nimelipa nusu kabla, majirani wote wanajua. Vijana wakalishusha, wakahangaika nalo mlangoni (hilo nalo lina stori yake, nitarudi), wakaliweka sebuleni, mimi nikabaki nimesimama nalitazama tu. Ule mguu mrefu wa L, pale pa kunyooshea miguu, umeziba njia ya jikoni. Yaani ukitaka chumvi uruke kama unaruka mtaro.

Nikampigia fundi.

"Fundi, si tulikubaliana L ya kulia?"

"Ndo hiyo dada, ya kulia."

"Mbona iko kushoto?"

"Hebu kaa kwanza, halafu uniambie."

Nikakaa. Kulia kweli.

Kumbe mimi wakati wote nilikuwa nahesabu nikiwa nimesimama mbele ya sofa nalitazama, kama unavyolitazama kwenye picha, na yeye anahesabu kama mtu aliyekwisha kaa, na kila mmoja yuko sahihi kwa upande wake. Nikaingia mtandaoni kutafuta nani mwenye haki nikakuta wauzaji wengi wa nje wanahesabu kama mimi, ukiwa umesimama unalitazama, ila wapo pia wanaohesabu kama fundi wangu, kwa hiyo hata huko watu wanaletewa sofa wakabaki wameshika kichwa. Ule mguu wenyewe wanauita shezi, ni neno la Kifaransa, kwao shezi ni kiti tu, na shezi longi ndo kiti kirefu. Siku hizi mimi sitamki kulia wala kushoto, nachora kwenye karatasi mlango uko huku, dirisha huku, jikoni kule, napiga picha natuma wasap. Mchoro mbaya kama wa mtoto wa chekechea lakini haujawahi kuniangusha.

Baada ya hapo nikaanza kuyaangalia haya maneno ya fanicha kwa jicho lingine, maana nikagundua hela yangu nyingi imepotelea kwenye maneno, wala siyo kwenye mbao.

Chukua "kabati la mninga". Mwaka 2021 nilinunua kabati la nguo, muuzaji akaniambia mama hii mninga, rangi yenyewe ile nyekundu ya udongo inang'aa, nikalipa bei ya mninga. Masika ya pili miguu ya kabati ikavimba kama chapati, ikapasuka kwenye kingo, ndani unaona kitu kama unga uliogandishwa. Ilikuwa MDF imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao! Nilivyorudi kulalamika jamaa wala hakubabaika, akasema yeye alisema *rangi ya* mninga. Asee. Hilo "rangi ya" sikulisikia mimi.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa moto hadi zikawa ubao mmoja. Siyo kitu kibaya jamani, msinielewe vibaya, inapendeza kupakwa rangi, haina vifundo, haijikunji hovyo, makabati mengi ya jikoni ni hiyo hiyo. Ila maji ni adui yake, na skrubu ikishang'oka pale kwenye bawaba kuirudisha ikakaza tena ni kazi kweli. Na uzito usikudanganye, watu wanabeba wanasema "hii nzito ni mbao ngumu hii", wakati shiti moja ya MDF ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 inafika kilo 40 hivi, mpaini haufui dafu. Plaiwudi ni kingine tena, ni matabaka membamba ya mbao yaliyogundishwa, moja limelala hivi, linalofuata limekatisha, ndo maana haipasuki kirahisi, na ukiangalia ubavuni unaiona kama keki. Halafu kuna vinia, utando mwembamba wa mbao halisi unaobandikwa juu ya plaiwudi au MDF. Wengi wanaona vinia ni utapeli lakini hata Misri ya kale walikuwa wanaifanya, utapeli unakuja pale unapouziwa kwa bei ya mbao nzima.

Ujanja wangu sasa ni kuangalia pale ambapo hawajapamba: chini ya kabati, nyuma ya droo, kwenye tundu la skrubu. Mbao ya kweli, mistari yake ya juu ukiifuata mpaka kwenye kingo unaikuta inaendelea. Ya kubandika inakatika ghafla.

Na sisi huku tunaonea aibu mpaini, sijui kwa nini, wakati tumekaa nao mlango mmoja. Hapo Mufindi kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote Tanzania, Mafinga ukishuka stendi tu unaona marundo ya mbao. Mninga wenyewe ni mti wa miombo, huko Chunya na kwenda mbele, unakua taratibu sana, mchwa hawauwezi kirahisi na hausinyai sana ukikauka, ndo maana bei yake iko vile. Mpaini shida yake kubwa ni haraka yetu, unakatwa leo kesho kutwa ni kitanda. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa kwa upana, urefu wake unabaki karibu vile vile, kwa hiyo mlango wa kabati uliokuwa umebana vizuri unaanza kuonyesha nguo, na meza inafunguka katikati unapitisha shilingi. Neno la kumwambia fundi ni "mbao kavu", na ukamuulize imekaa kwa muda gani na wapi, maana kuna kavu ya kivulini na kuna kavu ya mdomoni.

Sponji sasa. Kila mtu anakwambia "haidensiti". Densiti ni uzito, kwamba kipande cha mita moja kila upande kina kilo ngapi, kwa hiyo sponji ya 30 ni kilo 30 kwa kipande hicho. Ugumu ni habari nyingine kabisa, unaweza kuminya sponji dukani ikawa ngumu vizuri na baada ya miezi minane ikawa bondeni, kwa sababu ilikuwa ngumu lakini nyepesi. Ulizia namba. Muuzaji akikosa namba akaanza kurukaruka juu ya sofa kukuonyesha ubora, mwache arukeruke. Na "leza" uliza ni ngozi ya nani, ya ng'ombe au ya kiwandani, ya kiwandani ikichoka inabanduka magamba.

Mati na silki ni maneno ya rangi za ukuta: mati haing'ai, inaficha mawimbi ya plasta ya fundi mlevi, ila mkono wa mtoto haufutiki vizuri, silki inang'aa kidogo, unaifuta lakini inaanika kila kosa. Otomani ni stuli ile pana ya sponji isiyo na mgongo, jina limetoka kwa Waturuki. Droo bibi yangu anaiita mtoto wa meza, na mimi nalipenda zaidi lake.

Mlango, nilisema nitarudi. Sofa lilikuwa na kina cha sentimita 95, mlango wetu ni futi mbili na nusu, yaani 76 hivi. Wakalisimamisha, wakalilaza, wakatoa kitasa, mwisho wakang'oa mlango mzima kwenye bawaba, na ile baridi yote ya Uyole ikaingia ndani saa moja nzima huku mama mkwe kajifunika kitenge ananitazama bila kusema kitu. Ni afadhali angesema.

Tulihamisha tivii ukuta wa pili, maisha yakaendelea. Juzi nikarudi kwa fundi yule yule, maana mkono wake ni mzuri bwana, nikiwa na mchoro wangu wa meza mpya na viti sita, mpaini mkavu, vanishi tu isiyo na rangi. Akauangalia, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Hii meza ya kulia, dada?"

"Ya kulia chakula, fundi. Chakula. Andika."