Tujitoe Jumuiya? Haya, tuanze na machungwa

Tangu ile amri ya Julai 2025 iliyowazuia wageni kufanya biashara ndogondogo nchini, shemeji yangu ana wimbo mmoja tu: Tanzania itoke Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itoke mapema. Jana baada ya Isha aliuanza tena barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa ikizunguka, na vijana waliomuunga mkono walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nimeamka bado nabishana naye kichwani, bora niyaandike kabla sijaenda kazini.

Hoja zake si za kipuuzi. “Shemeji, Wakenya wanatufungia mlango wakati wowote wakijisikia,” akaniambia, akataja mahindi ya Machi 2021, Kenya ilipoyazuia ya kwetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Kweli yalizuiwa, ingawa zuio lenyewe halikudumu. Nikamkumbusha vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilivyochomwa moto na serikali yetu pale Namanga mwaka 2017. “Vile vilikuwa hatari ya mafua ya ndege,” akanijibu bila haya. Yaani ugonjwa wa kwao ni kisingizio, ugonjwa wa kwetu ni sayansi. Watu wakacheka, lakini fundi simu mmoja hakucheka. Kwake ile amri, iliyotaja ufundi simu, saluni na uwakala wa kutuma fedha, ndiyo serikali kumkumbuka kwa mara ya kwanza. Ukimwambia kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa Mkenya haki ya kuja kufungua kazi hapa, atakuuliza itifaki hiyo ilisainiwa na nani. Sina jibu la kumridhisha.

Kilichoniudhi zaidi ni upande wangu mwenyewe. Mzee mmoja, tunayemheshimu wote, alisema hatuwezi kujitoa kwa sababu sisi na watu wa Vanga, ng’ambo ya mpaka upande wa Kenya, ni ndugu. Nikaitikia kwa adabu, “Ndiyo, mzee,” lakini moyoni nilikataa. Undugu upo, nani abishe? Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na walikuwa ndugu kabla Arusha haijawa na ofisi yoyote ya Jumuiya. Ila undugu huohuo ulikuwepo mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na mpaka ukafungwa, na haukuufungua hadi 1983. Waliotaka kuzika au kuozesha ng’ambo walipita njia za panya. Mali za Jumuiya hiyo, ndege, reli, bandari, posta, mgawanyo wake ulikubaliwa mwaka 1984 tu, baada ya Mswisi Victor Umbricht kusuluhisha kwa miaka. Wastaafu wake nao waliendelea kudai mafao yao hata baada ya mwaka 2000. Tanga ni mji wa reli na bandari, habari hiyo hatuhitaji kuhadithiwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anaitetea Jumuiya kwa undugu naona anaitetea kwa kitu ambacho hakikusaidia siku kilipohitajika. Kinachosaidia ni karatasi: ushuru umeandikwa kiasi gani, nani ana haki ya kupita, ukidhulumiwa unakwenda mahakama gani.

Shemeji alikuwa na hoja nyingine, nzuri kuliko zote: “Tulitoka COMESA mwaka 2000. Nani alikufa?” COMESA ni soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na kweli hakuna aliyekufa. Hapo barazani wengine hata hawakujua kama tuliwahi kuwamo. Lakini tulitoka tukiwa ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na mwaka huohuo mkataba wa Jumuiya hii mpya ukaanza kutumika, kwa hiyo Kenya na Uganda hatukuwapoteza. Safari hii tukitoka, Kenya tunaifuata kupitia nini? Nilikubaliana naye jambo moja: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limesimama juu ya makubaliano yake lenyewe. Si kila kinachovuka mpaka kimebebwa na Jumuiya, na watetezi wenzangu wangeacha kulitaja.

Usiku nikausoma mkataba wa Jumuiya. Ibara ya 145 haitaki kura ya wananchi. Inataka theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu, kisha miezi 12. Ndani ya miezi hiyo nchi inaweza kuifuta taarifa yake. Ni talaka rejea kabisa, eda ndefu tu. Nikafikiri, huenda waliouandika walimkumbuka vizuri mwanamume anayetaliki kwa hasira.

Waingereza wao waliuliza wananchi. Juni 2016, asilimia 51.9 wakasema watoke Umoja wa Ulaya, na walitoka Januari 2020. Miaka yote hiyo katikati ilikwenda wapi? Sehemu kubwa iliishia kwenye mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland iliyobaki katika Umoja wa Ulaya, mpaka ambao watu walikuwa wameshauzoea ukiwa wazi na hakuna aliyetaka kuurudishia vizuizi. Mwisho ukaguzi wakauhamishia baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine ya Uingereza, nchi moja hiyohiyo. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka. Kutoka kwa namna gani, halikuwemo.

Na hilo ndilo sikulisema jana kwa sababu kila mtu alikuwa anapaza sauti. Shemeji yangu ni dalali wa machungwa Muheza. Msimu ukifika, wanunuzi wa Kenya wanaingia hadi shambani, wanahesabu miti, wanalipa, lori linapanda hadi mpakani Horohoro. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha, unapita kwa cheti rahisi cha uasili, karatasi ya kuonyesha mali imetoka nchi ya Jumuiya, kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru. Chungwa halisubiri mazungumzo ya miaka mitatu. Baada ya wiki chache limeoza.

Simwambii abadili msimamo. Akitaka Bunge lipige kura ya kutoka, ni haki yake, na hasira ya yule fundi simu inastahili jibu la maana kuliko “sisi ni ndugu”. Ila Ijumaa tukikaa tena nitamwomba aache Wakenya pembeni kidogo, anieleze jambo moja la biashara yake. Miezi 12 imekwisha, cheti cha Jumuiya hakipo tena, lori la machungwa limefika Horohoro alfajiri. Dereva anamwonyesha ofisa wa forodha karatasi gani, na ushuru anaulipa nani: mnunuzi, mkulima, au dalali?