Tangazo la dola mbili

Ukipenda santuri za zamani za Marekani, hasa zile za kampuni za Warner Bros. na Reprise za mwanzoni mwa miaka ya 1970, usitupe mfuko wa ndani wa karatasi. Usome. Mara nyingi umejaa maandishi madogo ya utani, na pembeni kuna kuponi ya kukata. Inakwambia utie dola 2 kwenye bahasha, uandike jina na anwani, utume Burbank, California, nao watakuletea santuri mbili ndani ya jalada moja, zenye wasanii wao wa kila aina. Dola 2! Wakati huo santuri moja ya kawaida iliandikwa bei ya dola 4.98.

Mfululizo huo uliitwa Loss Leaders, jina ambalo wenye maduka huipa bidhaa inayouzwa kwa hasara makusudi ili mteja aingie ndani na kuona vingine. Ulianza mwaka 1969 na The 1969 Warner/Reprise Songbook, ukaisha mwaka 1980, na katikati yake zilitoka albamu zaidi ya 30. Kampuni haikuficha nia yake. Tangazo lenyewe lilikiri kwamba hawafanyi sadaka: wanatumaini ukishaonja utakwenda dukani kununua albamu nzima kwa bei nzima.

Mimi hizi albamu za matangazo nazipenda kuliko albamu nyingi kamili za wasanii walewale. Rafiki zangu wanaokusanya santuri hunicheka. Kwao mkusanyo wa kampuni ni makombo. Nadhani wanakosea.

Tuanze na kwa nini zilihitajika. Redio za AM zilitaka wimbo wa dakika tatu, wenye kiitikio, unaofanana na uliotangulia. Warner na Reprise walikuwa wamesajili watu ambao hawakuingia hapo hata kwa kusukumwa. Grateful Dead walikuwa wanatoa nyimbo zinazozidi dakika 20. Captain Beefheart alikuwa akiimba kama mtu anayegombana na gitaa lake mwenyewe. Van Dyke Parks alitumia fedha nyingi kutengeneza Song Cycle, albamu ambayo waandishi waliisifu na wanunuzi wakaipita. Stan Cornyn, mwandishi wa matangazo wa kampuni, aliweka magazetini tangazo lililosema waziwazi kwamba wamepoteza dola 35,509.50 kwa albamu ya mwaka. Halafu akaongeza jingine: kama nakala yako ya Song Cycle imechakaa kwa kupigwa sana, itume na senti moja, utapewa mbili mpya. Moja ya kwako, nyingine ya kumpa mtu.

Huyo Cornyn ndiye roho ya jambo hili lote. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda tuzo za Grammy kwa maandishi ya nyuma ya majalada ya Frank Sinatra, na Sinatra ndiye aliyeianzisha Reprise mwaka 1960. Ni Reprise hiyohiyo iliyotoa Pata Pata ya Miriam Makeba mwaka 1967, kwa hiyo msishangae nikisema nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi. Cornyn alielewa kwamba vijana wa 1969 wameshachoka kudanganywa na matangazo. Akawaambia ukweli kwa sauti ya kuchekesha, wakamsikiliza.

Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye muziki methali hii hainikai. Kizuri ambacho hakijawahi kusikika hakijiuzi kamwe. Kinakaa kwenye ghala la Burbank kinapata vumbi. Lazima kitembezwe, na swali ni kitembezwe vipi.

Hapa ndipo zile dola 2 zinapofanya kazi. Santuri ya bure hailindwi na chochote. Unaipiga nyimbo mbili, wa tatu haukuvutii, unaiondoa. Lakini mtu aliyekata kuponi kwa mkasi, akatafuta stempu, akasubiri majuma kadhaa, huyo atasikiliza pande zote nne hata kwa ubishi tu. Amelipa kidogo mno kuweza kulalamika, na amelipa kiasi cha kutosha kutaka haki yake.

Nina nakala ya The Big Ball ya mwaka 1970. Jalada limechoka, kona moja imeliwa na maji. Mwenye sahani hii kabla yangu, simjui wala sitamjua, alikuwa na kalamu ya buluu na tabia ya kuweka alama ya vema kwenye majina ya wasanii aliowapenda. Fleetwood Mac kapata vema. Jethro Tull vema. Van Morrison vema mbili, na nani atambishia. Kwa Captain Beefheart aliweka alama ya kuuliza, kubwa, iliyokandamizwa hadi karatasi ikabonyea. Kisha, kwa wino mwingine mweusi, wa siku nyingine kabisa, juu ya ile alama ya kuuliza kuna vema.

Nimeitazama alama hiyo mara nyingi kuliko nilivyotazama picha ya jalada. Stan Cornyn angeiona angeweza kustaafu siku hiyohiyo. Mtu aliletewa kitu asichokielewa, katikati ya vitu alivyovielewa, akakiacha, akarudi. Redio isingempa nafasi ya kurudi, kwa sababu wimbo ukishapita redioni umepita. Duka nalo lisingempa nafasi ya kuanza, maana nani atatoa karibu dola 5 kwa kitu kinachomkera?

Ndiyo maana mchanganyiko wenyewe ni muhimu kuliko wimbo wowote mmoja. Kuna mtu aliyepanga mfuatano. Kwa albamu kadhaa za mfululizo huu mtu huyo alikuwa Barry Hansen, ambaye Wamarekani wengi wanamjua zaidi kwa jina la Dr. Demento, aliyekuwa mtangazaji wa nyimbo za vichekesho redioni. Alikuwa akifanya kazi Warner. Ukisikiliza unamsikia mtangazaji kabisa: baada ya gitaa la kelele anakuletea sauti ya mtu mmoja na gitaa kavu, kisha upuuzi wa makusudi, kisha kitu cha kukupumzisha ili usikimbie. Hakuna programu ya kompyuta inayonipangia nyimbo leo ambayo ina ujasiri huo. Zenyewe zinanipa kinachofanana na nilichokipenda jana, mpaka mimi mwenyewe nijichoke.

Majina ya albamu hizo tu yalikuwa burudani. Looney Tunes & Merrie Melodies ya 1970 ilikuwa na sahani tatu na iliazima jina la katuni za kampuni mama. Zapped ilikuwa ya watu wa Frank Zappa. The Whole Burbank Catalog, The Days of Wine and Vinyl, Appetizers. Schlagers! ilikuwa ya nyimbo laini laini, za watu wa suti na glasi mkononi, na nakiri kwamba naipiga zaidi ya inavyofaa mtu anayejidai kupenda Beefheart.

Waingereza nao walikuwa na zao, tena walitangulia. CBS walitoa The Rock Machine Turns You On mwaka 1968 kwa shilingi 14 na peni 11, chini ya nusu ya bei ya albamu ya kawaida. Humo Bob Dylan na Simon & Garfunkel wanakaa pamoja na Leonard Cohen, Taj Mahal, Spirit na Moby Grape. Kampuni ya Island ikafuata na You Can All Join In mwaka 1969. Zote nzuri, ila hazina ule utundu wa Burbank; ni orodha ya bidhaa iliyopangwa vizuri, wala si zaidi ya hapo. Na mkusanyo wa vibao vilivyokwisha kutamba, kama Now That's What I Call Music ulioanza Uingereza mwaka 1983, ni mnyama mwingine kabisa. Ule unakuuzia unachokijua tayari. Sina ugomvi nao, hata harusini unafaa, lakini hakuna mtu aliyewahi kuwekea alama ya kuuliza kwenye jalada lake.

Sasa linganisheni na njia nyingine ya kutembeza muziki ambayo kampuni kubwa zimeitumia kwa miongo mingi: kuwapelekea watangazaji na waandishi nakala za bure, zimegongwa mhuri kwamba ni za matangazo tu, haziuzwi. Kila mpekuzi wa masanduku ya santuri anaijua mihuri hiyo, maana sahani hizo huishia humohumo, mara nyingi hazijawahi kuguswa na sindano. Universal Music Group ilifika hadi mahakamani ikimshitaki mtu aliyekuwa akiuza CD za namna hiyo kwenye eBay. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Marekani ya Kanda ya Tisa iliamua dhidi ya kampuni: ukimtumia mtu kitu asichokiomba, bila kukifuatilia wala kudai akirudishe, umempa, na cha kwake anaweza kuuza. Hukumu sahihi kwa maoni yangu. Ila kinachonichekesha ni kwamba kampuni inahangaika kuzuia mtu asiuze tangazo, wakati miaka 40 kabla kampuni nyingine ilikuwa inaliuza yenyewe, na wateja wanapanga foleni kwa njia ya posta.

Siyo kwamba mfululizo wote ni dhahabu. Kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga, walianza kutenga. All Meat ya 1975 ni roki nzito mwanzo mwisho. Deep Ear ya 1974 ni ya wale wanaopenda nyimbo ndefu za vinanda, na Peaches ya mwaka huohuo ni ya wasanii wa lebo ya Capricorn, wale wa roki ya kusini mwa Marekani. Unaweza kuona walichofikiria: redio za FM zilikuwa zimeanza nazo kujigawa kwa aina ya msikilizaji, basi nasi tugawe. Nimejaribu kuzipenda. Nyimbo mojamoja hazina kasoro, lakini upande wa pili ukifika sikio limeshajua kinachokuja, na hapo albamu ya tangazo inakuwa tangazo tu.

Ya mwisho, Troublemakers ya 1980, walijirekebisha. Biashara ya santuri Marekani ilikuwa imeanguka mwaka uliotangulia, na bado mtu fulani Burbank aliona inafaa kuwatumia wateja Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza, wakipiga jukwaani, tena rekodi ya onyesho lao la San Francisco, kwa kuponi ileile. Nakala yangu haina alama yoyote ya kalamu. Ningependa sana kujua mwenyewe alifika upande wa ngapi.