Kiti cha kushoto, gari namba 14: siku yangu ya kwanza kwenye mbio za magari, Malindi

Saa 10:30 alfajiri

Adhana bado, na mjomba keshafungua boneti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Anapima upepo wa magurudumu kwa mara ya tatu. Amebeba abiria zaidi ya miaka ishirini, lakini mashindano hajawahi kuingia hata siku moja. Mimi ndiye mwelekezi wake. Siku nyingine ningekuwa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, nikiandika risiti. Ni Julai, kusi linavuma, na kipupwe kimenifanya nijitande leso mbili. Mama ametufungia mahamri na mbaazi, kahawa imo kwenye chupa.

Saa 12:00 asubuhi

Tumekusanyika magari 22, na kitu cha kwanza si kukimbia bali kupima. Waandaaji wameweka alama mbili barabarani, kilomita 10 kamili baina yake. Tukaenda polepole, mita ya gari letu, ile ya kuhesabu kilomita, ikasoma 10.3. Hapo ndipo nilipofurahia kukaa usiku kucha na kalkuleta. Mita ikizidisha namna hiyo, unadhani umefika mbele kuliko ulipo, unapunguza mwendo, unachelewa kila kituo bila kujua sababu. Nikatoa jedwali la pili nililoandika kwa penseli, lenye hesabu ya mita inayozidisha asilimia tatu, nikalibandika juu ya dashibodi.

Nieleze kidogo, maana wengi huniuliza nani alitangulia. Hapa hakuna kutangulia. Kila mkondo umepewa mwendo wake wa wastani. Kwa kilomita 40 kwa saa, kila kilomita ni sekunde 90. Kwa 36 ni sekunde 100. Kwa 45 ni 80. Njiani kuna vituo vya siri vya kupima muda. Ukichelewa sekunde moja, pointi moja. Ukiwahi sekunde moja, pointi moja vilevile. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ulaya hushindana hivi na magari ya zamani katika mbio ndefu za majira ya baridi, barafu chini na theluji usoni. Mbio za Monte Carlo zenyewe zilianza Januari 1911, magari yakitoka miji mbalimbali kuelekea Monaco, na Henri Rougier, aliyeondokea Paris, ndiye aliyeshinda. Theluji hatuijui. Mchanga tunaujua.

Saa 1:14 asubuhi

Gari moja kila dakika, kwa hiyo namba 14 huondoka saa 1:14. Mkono wangu unatetemeka juu ya kitabu cha njia. Mjomba akasema, "Soma, mama. Mimi ni miguu tu." Tukavuka daraja la Sabaki, maji mekundu kama kawaida yake, tukaingia kushoto kuelekea Marikebuni. Kituo cha kwanza tulichelewa sekunde 4. Nikaona tumeshaijua kazi.

Saa 2:20

Kitabu kilisema: kushoto penye mbuyu. Mibuyu ilikuwa miwili. Niliuona wa kwanza nikapiga kelele, "Kushoto!" Mjomba akakata. Njia ikazidi kuwa nyembamba, mwisho tukajikuta kwenye ua wa watu, mama mmoja anapepeta mahindi akatutazama kwa huruma. Tukamsalimu, tukageuza.

Kosa la kupotea husameheka. Langu kubwa lilikuwa jingine: sikuandika mita ilisoma ngapi pale tulipokata. Ukiandika, unatoa tofauti na hesabu inaendelea. Usipoandika, umekuwa kipofu. Nikanyamaza. Aibu ilinishika koo kabisa. Mjomba naye, kwa kutaka kufidia, akakanyaga mafuta, vumbi likapanda, mbuzi wakatawanyika.

Akasema, "Mbona husemi? Ukinyamaza mimi naendesha teksi."

Nikamwambia apunguze, kwa sababu kuna nyumba na watoto, na tusubiri alama inayofuata iliyoandikwa kitabuni ili nianze hesabu upya. Alipunguza papo hapo. Mtu aliyenifundisha mimi kuendesha gari! Kituo cha pili: sekunde 151.

Saa 3:40, Marafa

Kituo cha tatu tuliwahi sekunde 9, kwa pupa tu. Wengine walishuka kupiga picha kule Nyari, mabonde yale ya udongo mwekundu, mweupe na wa manjano. Mimi nilikaa garini nikajumlisha: 4, 151, 9. Pointi 164. Mjomba akanimiminia kahawa, akaniambia kwamba kila mtu hulitaja jina la Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mara tano, nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. "Na kando yake nani?" Nilikuwa najua: Mike Doughty, miaka yote minne hiyo. Nilijifunza jina hilo siku nilipokubali kiti hiki. Mjomba akatikisa kichwa, akaendelea kula hamri lake.

Saa 6:00 hadi 7:30 mchana

Malindi mjini. Sala, wali, mafuta ya gari.

Saa 7:44 mchana

Kakuyuni, Jilore, Langobaya. Mchana huu nilibadili namna ya kusema. Asubuhi nilikuwa namwambia "haraka" na "polepole", maneno ambayo kila mtu hupima kwa moyo wake. Sasa nasema namba za sekunde tu: "Nyuma mbili. Nyuma moja. Sawa. Mbele moja." Mguu wake ukaanza kunisikia. Kilomita nyingi tulizungumza hivyo tu, na nyuma ya namba zile nikisikia mawe yakigonga chini ya gari na kusi likipuliza vumbi pembeni. Vituo vitatu: sekunde 6, sekunde 11, na cha mwisho karibu na Chakama, sekunde 1. Mpima muda aligeuza karatasi ili tuone wenyewe. Mjomba alivua kofia.

Saa 1:15 usiku

Matokeo yamebandikwa ukutani: pointi 182, nafasi ya 13. Nimeshaitoa ile 151 mara nyingi kichwani, na kila mara inabaki 31.

Saa 3:00 usiku

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kaunta. Mjomba amenileta hadi mlangoni, gari jekundu kwa vumbi, wala hazimi injini.

"Thelathini na sita?"

"Sekunde 100, mjomba."

"Arubaini na mbili je?"

Hiyo haikuwemo kwenye jedwali. Nikafungua mkoba kutafuta penseli.